Boti Iliyopinduka Joshoni

Siku ile tulikuwa watu watano kando ya josho. Nilikuwapo mimi, mkubwa wa nyumba yetu. Alikuwapo ndugu yangu anayenifuata, ambaye alikuwa ofisa wa jeshi la majini kabla ya kuwa mchoraji wa meli. Alikuwapo dada yetu kitinda mimba, aliyekuwa amemaliza shule na kujiunga na kwaya ya kanisa. Alikuwapo mzee mwangalizi wa josho, mwenye funguo za lango. Na alikuwapo dereva wa mtu ambaye hapa nitamwita Mlezi, kwa maana ndivyo tulivyomhesabu tangu tulipofiwa na wazazi. Hakuna mwingine. Nawataja wote kwa sababu baadaye watu wengi pale Mweiga walisimulia jambo lile kana kwamba walikuwapo, na kila mmoja alilisimulia ili kuchekesha.

Josho lenyewe tulilirithi pamoja na shamba la mzungu lililokatwa vipande baada ya uhuru. Ni mfereji mrefu wa saruji, mwembamba na wenye kina, ambamo ng'ombe hutumbukia upande mmoja, huogelea katika dawa ya kupe, na kupanda ngazi upande wa pili. Wiki ile lilikuwa limesafishwa na kujazwa maji ya kijito, na mzee alikuwa bado hajatia dawa. Ndugu yangu alimwomba siku moja tu. Hakuwa anaomba kwa mara ya kwanza. Kwa miaka kadhaa, kila alipokuja likizo, alileta mfano wa boti aliouchonga na kuuvuta ndani ya maji yale kwa uzi uliopita juu ya rimu ya baiskeli. Alikuwa amenieleza kwamba huko alikosomea Ulaya kulikuwa na majumba marefu yenye mifereji kama huu, na watu wenye shahada walifanya kazi hiyo hiyo. Mzee wa josho alipenda kumtania kwamba ng'ombe wote wa Mweiga wamepita pale na hakuna hata mmoja aliyehitaji kusomea Ulaya.

Mfano wa siku ile ulikuwa wa mbao ya saipresi, urefu wa mkono wangu, umepakwa rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka mlango. Ulikuwa mfano wa boti ya kubeba abiria ambayo ilikuwa tayari inajengwa pwani. Kwanza aliuvuta ukiwa kama alivyouchora yeye. Ulikwenda sawa, ukikata maji bila kelele. Kisha akatoa kwenye mfuko kipande cha mbao nyembamba chenye nguzo ndogo, akakibandika juu. Hiyo ilikuwa gorofa. Yeye hakuichora, wenye boti, yaani Mlezi na wenzake, ndio walioitaka, ili wabebe watu mara mbili. Juu ya gorofa akapanga betri kuukuu za redio, zile nilizokuwa nimemwekea, na nyingine alizoomba kwa majirani. Betri zilikuwa abiria. Alikuwa amezipanga juu ya kibao kinachoteleza, na uzi wa kibao hicho akampa kitinda mimba.

"Watu wa bara," alituambia, "wakiona pomboo upande mmoja, wote watakimbilia upande huo. Mimi mwenyewe nilikimbia siku ya kwanza. Vuta."

Kitinda mimba akavuta. Betri ziliteleza upande mmoja. Boti ikainama, ikakaa hivyo kidogo kama mtu anayefikiri, halafu ikalala na kupinduka. Betri zote zikaenda chini. Tumbo lake la buluu likabaki juu ya maji.

Dereva ndiye aliyecheka. "Kapteni, meli yako imekunywa dawa ya kupe."

"Dawa bado sijatia," mzee akasema, na hakucheka.

Ndugu yangu alichukua mti wenye ndoano, ule unaotumiwa kumvuta ndama aliyelemewa, akauvuta ule mfano pembeni. Akarudia kwa betri chache kuliko mwanzo, kati ya zile zilizobaki mfukoni. Ikawa vile vile. Akarudia tena, na safari hii akamwambia kitinda mimba avute polepole. Ilichukua muda zaidi kuinama, lakini ilipoanza kwenda haikurudi.

Alimgeukia dereva akamwambia aende amweleze Mlezi alichokiona. Dereva akajibu kwamba yeye ameona kidude cha mbao kikianguka kwenye maji ya ng'ombe.

"Hicho hicho," ndugu yangu akasema. "Mwambie hicho."

Dada yetu alikuwa amepiga magoti akipangusa betri kwa upindo wa gauni, zile chache tulizoweza kuzipata. Akauliza, bila kumtazama yeyote, "Hii ndiyo ile boti ya kwaya?"

Ilikuwa hiyo. Kwaya yake ilikuwa imealikwa kuimba siku ya ufunguzi na kupanda safari ya kwanza bila malipo. Vitambaa vya sare vilikuwa vimekwisha kugawiwa. Mzee akaanza kufunga lango.

*

Ni lazima niseme Mlezi alikuwa nani kwetu, vinginevyo yaliyofuata hayataeleweka.

Mama alikufa kwa homa katika kijiji cha mahandaki na walinzi ambamo Waingereza walitufungia, miaka ya hali ya hatari. Baba alirudi kutoka kizuizini na kifua kibovu, akafa uhuru ulipokuwa bado mpya. Nilikuwa darasa la tano. Asubuhi baada ya mazishi niliwasha moto, nikachemsha uji, nikawapeleka wengine shuleni, na mimi sikurudi. Hakuna aliyeniambia nisirudi. Uji ulihitaji mtu.

Mlezi alikuwa rafiki wa baba. Alikuwa mfanyabiashara wa viazi aliyeanza na punda na kufika kwenye malori. Yeye ndiye aliyehakikisha jina la baba halifutwi kwenye orodha ya waliopewa mashamba Mweiga. Na yeye ndiye aliyetuletea ng'ombe, ng'ombe mwekundu mwenye mimba, akamfunga mwenyewe kwenye uzio wetu.

Hakutupa ng'ombe yule. Alituwekea. Kwetu ni desturi ya tangu zamani: mwenye mifugo mingi humwekea mtu anayemwamini mnyama wake. Anayetunza hunywa maziwa na kuchukua mbolea. Watoto wanaozaliwa ni wa mwenye ng'ombe, ila mmoja wa hapa na pale anayemwachia mtunzaji kwa shukrani. Haiandikwi popote. Mwenye ng'ombe anaweza kukaa miaka bila kuuliza, na kutouliza kwake ndiko heshima. Siku atakapouliza, mtunzaji anatakiwa aonyeshe kila mmoja aliyezaliwa na kila mmoja aliyekufa, na ngozi yake.

Ng'ombe yule alitulisha. Maziwa yake yaliwalea wadogo zangu, na yaliyobaki niliyapeleka kwa chama cha maziwa. Alizaa mitamba wazuri. Ndugu yangu alipochaguliwa kwenda shule ya upili Nyeri, nilimwendea Mlezi nikamwomba niuze mtamba mmoja. Akasema, fanya unavyoona, mtoto ni wetu sote. Mwaka uliofuata nikamwendea tena, akasema vile vile. Mara ya tatu alinikemea kwa kumsumbua na jambo alilokwisha kulijibu. Basi sikwenda tena, na mitamba wakaendelea kuuzwa, mmoja mmoja, mpaka kijana akamaliza.

*

Ndugu yangu alipenda maji tangu utotoni, na kwetu hakukuwa na maji ya kupenda isipokuwa bwawa la kunyweshea mifugo. Alikuwa akielesha vigome vya mti wa muwati na kuvitazama mpaka ng'ombe wanaingia shamba la watu. Maofisa walipokuja shuleni kwao kutafuta vijana wa hesabu kwa ajili ya jeshi la majini, walimuuliza kama anajua kuogelea. Alisema anajua, amejifunza katika bwawa la ng'ombe. Walicheka, wakamchukua.

Likizo ya kwanza alikuja amevaa nguo nyeupe, akashuka katika matope mekundu ya masika. Wanawake sokoni waliniuliza kwa upole kama ameajiriwa upishi katika hoteli kubwa. Yeye aliwasalimia kwa kofia, wakafurahi, na jina la Kapteni likaanzia pale ingawa hakuwa kapteni. Usiku huo hakulala kwa uchovu wa safari, na kesho yake tukikamua aliniambia jambo ambalo hakumwambia mwingine: kwamba miezi yote ya kwanza baharini alitapika kila siku, na alikuwa akijificha ili asirudishwe nyumbani.

Hakurudishwa. Alipelekwa Ulaya kusoma, na huko mkubwa mmoja akamwona akichora meli pembeni mwa daftari, akamhamishia kwenye mafunzo ya uchoraji wa meli. Alirudi akafanya kazi katika meli za doria, kisha kwenye gati la matengenezo, na cheo kikapanda. Akija nyumbani alitandaza karatasi kubwa juu ya meza yetu ya chakula. Badala ya vifaa vya ofisini alitumia ufito wa mwanzi uliopasuliwa, kutoka msitu wa Aberdare, akaupinda na kuushikilia kwa mawe ya mtoni, akafuata mkunjo wake kwa penseli. Kisha alifumba jicho moja na kuutazama mstari akiwa ameinama hadi pua iguse meza. Alisema jicho likijikwaa mahali kwenye mstari, maji nayo yatajikwaa hapo hapo. Tulikula tukiwa tumepakata sahani, maana hakuna aliyethubutu kugusa yale mawe.

Wakati huo Mlezi alikuwa ameacha viazi. Alikuwa na nyumba mjini Nyeri, na marafiki wenye magari marefu, na pamoja nao alifungua karakana ya boti pwani. Alikuja mwenyewe kumwomba ndugu yangu aache sare aje awachoree. Alisema wanataka boti ya kuwapeleka watu wa bara wakaone bahari: vikundi vya kina mama, shule, makanisa, watu wanaofanya kazi maisha yao yote chini ya mlima na kufa bila kuona maji makubwa. Alisema maneno hayo vizuri, na naamini aliyaamini. Ndugu yangu hangeweza kukataa. Alivua sare.

Mimi sikufurahi, na sikuweza kusema kwa nini. Jumapili moja nje ya kanisa Mlezi alinishika bega mbele ya watu akasema, mtoto wetu sasa anatujengea meli. Mkono wake ulikaa begani mwangu muda mrefu kuliko kawaida.

*

Siku chache baada ya ile siku ya josho Mlezi aliniita kwake mjini. Mimi, si ndugu yangu. Dereva yule yule ndiye aliyenichukua, na njia nzima hakunitania. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, na aliendesha akiwa amewasha taa mchana.

Mke wake aliniletea chai na mkate, akatoka na kufunga mlango. Mlezi aliniuliza hali ya kila mtu nyumbani, mmoja mmoja, mpaka ng'ombe. Kisha akasema amesikia habari ya michezo ya joshoni. Alisema maji ya ng'ombe si bahari. Alisema boti za gorofa ziko duniani kote na watu wanapanda. Alisema chuma kimeshakatwa, gorofa imeshasimama, tarehe imetangazwa, kwaya imeshonewa nguo. Kilichobaki ni sahihi ya mtu aliyesomea, ili boti ipate leseni, na mtu huyo ni mtoto wetu. Wenzake wanamuuliza kila siku, na yeye anaona haya kuwaambia kwamba mtoto aliyemlea ndiye anayewazuia. Aliniomba niongee naye kama mama yake, kwa kuwa ndiye mama aliyebaki.

Nilisema nitaongea naye. Nikanyanyuka. Ndipo akasema lile alilokuwa ameniitia.

"Msichana wangu, mimi sijawahi kuhesabu ng'ombe zangu kwako."

"Hapana, Baba. Hujawahi."

"Na sitaki kuanza."

Alinisindikiza hadi mlangoni, akamwambia dereva aendeshe polepole kwa sababu ya utelezi.

Nilimkuta ndugu yangu mezani, ameupinda ule mwanzi, lakini karatasi ilikuwa tupu. Katika chumba cha pili kitinda mimba alikuwa akijifunza wimbo wa ufunguzi. Alikuwa amekwama katika ubeti mmoja na kuurudia rudia.

"Amekuita kwa sababu yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Amesema nini juu ya ng'ombe?"

"Amesema hajawahi kuwahesabu."

Aliondoa mawe, moja baada ya jingine, na ufito ukanyooka. Alikuwa amekulia katika nyumba ile, hakuhitaji kufafanuliwa. Nilimuuliza kama boti inaweza kurekebishwa. Akasema inaweza kwa njia mbili: waitoe gorofa, au waweke uzito mkubwa chini. Amewaambia yote mawili. La kwanza linapunguza abiria, la pili linaifanya boti iwe nzito na kula mafuta. Wamekataa yote mawili.

Kisha akaniita Mama, kwa lugha yetu. Hakuwa amenitamkia neno hilo tangu alipokuwa mdogo.

"Mama, wewe ndiye uliyekamua. Ng'ombe wakienda, ni wewe watakaokuacha. Ukisema niweke sahihi, nitaweka, na sitakulaumu."

Ng'ambo ya ukuta ubeti ukaanza tena. Nilimuuliza, ikipinduka kweli, watu wanakuwa na muda gani.

"Umeona mwenyewe."

Nilikuwa nimeona. Nilifikiri juu ya kina mama wa kikundi chetu, wamevaa sweta na viatu vya kufunga, ambao hata kuvuka kijito wanashikana mikono.

"Basi usiweke," nikasema.

*

Walikuja kuwachukua ng'ombe asubuhi, wakati wa kukamua. Niliwaomba wangoje nimalize, wakangoja. Walikuwa wachungaji tu, na mmoja wao alinisaidia kushika ndama.

Jumamosi yake Mlezi aliwaita wazee wa pale kwetu, wakaketi nyuma ya stoo ya chama cha maziwa. Hakupandisha sauti. Aliniuliza mbele yao, kwa adabu, watoto wa ng'ombe wake mwekundu wako wapi. Niliwataja wote. Huyu alikufa kwa kuhara, ngozi yake ndiyo ile tunayolalia. Hawa wamechukuliwa juzi. Na hawa sita, mitamba, waliingia shule ya upili Nyeri, mmoja baada ya mwingine.

"Ng'ombe wa watu amesoma kuliko sisi," mzee mmoja akasema, na wengine wakacheka mpaka wakakohoa. Mlezi alicheka pia.

Nilisema aliniruhusu. Akakubali kwamba aliniruhusu mara mbili, labda tatu. Akauliza kama aliwahi kusema ng'ombe wamekuwa wangu. Sikuweza kusema aliwahi. Wazee wakaamua kwa desturi: mitamba sita warudi, kila mmoja akiwa amefikia kupandishwa. Ndugu yangu alisimama kusema deni ni lake. Niliinua mkono akaketi. Kamba ya ng'ombe yule alikabidhiwa nani? Mimi. Basi ningelipa mimi.

Boti ilipata sahihi. Ilikuwa ya mtu mwingine, sikuuliza nani. Ndugu yangu alikuwa ameshaondolewa karakana, na kila gati alilokwenda kuomba kazi, habari yake ilikuwa imefika kabla yake: ni yule aliyewageuka waliomlea. Alienda hadi ofisi ya bandari kueleza alichokiona. Walimsikiliza mpaka wakauliza anafanya kazi wapi, akasema amefukuzwa, wakafunga kitabu. Alirudi Mweiga akapata kufundisha uchoraji katika chuo cha ufundi cha kijiji, ambako vijana hutengeneza vitanda na milango.

Kuhusu kwaya, nilimkataza kitinda mimba kusafiri. Nilifunga sare yake kwenye sanduku na kuukalia ufunguo.

"Wewe unaogopa maji uliyoyaona kwenye josho," akaniambia. "Josho. Watu wanatucheka."

"Wacheke."

"Siku moja utajua umetunyima nini, sisi wote."

Hakusema nami tena hadi wenzake waliporudi. Na walirudi. Wote, salama, wakiimba ndani ya basi kuanzia Karatina. Walileta makombe ya baharini wakayapanga kwenye dirisha la kanisa. Jumapili ile jina la Kapteni likabadilika, likawa Kapteni wa Josho, na hata watoto walilijua.

Nilimtazama ndugu yangu wakati basi likishusha watu. Alikuwa akiwahesabu kwa midomo. Alipomaliza alikwenda kwa kiongozi wa kwaya akamuuliza swali moja, kama waliona pomboo. Yule alisema pomboo gani, bahari ilichafuka kidogo, wote walikaa chini wakitapika kwenye mifuko, hata wimbo hawakuumaliza.

Ndugu yangu alitembea nami hadi nyumbani. Kwenye lango akasimama.

"Walikaa chini," akasema. "Kwa hiyo bado hawajaijaribu."

*

Miaka imepita. Boti haijapinduka. Sijasikia pia kwamba wameiondoa gorofa. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka mabasi huteremka kutoka Kangema, Nyeri na Nanyuki kwenda pwani. Majuma hayo ndugu yangu haendi mbali na redio, husikiliza habari za saa saba na za jioni akiwa amesimama, halafu huizima ili kutunza betri. Ule mfano wa buluu ameutundika ukutani. Gorofa yake hajaibandua.

Nimejaribu kusema. Nilikwenda kwenye vikundi vya kina mama, nikawaeleza kuhusu betri na uzi. Wachache walinisikia, wakaenda kuona bahari kwa miguu yao ufukweni na kurudi. Wengi walinijibu kwa namna moja, na aliyeyasema wazi alikuwa jirani ninayempenda: "Dada, lipa kwanza ng'ombe za watu, ndio uje utufundishe mambo ya boti." Ndivyo walivyoyaona. Maneno ya mdaiwa juu ya anayemdai yote yana uchungu ndani yake, na mtu mwenye busara hayapimi.

Kwa hiyo nimelipa. Nilikwenda hadi Doldol, kwenye nyanda kavu za wafugaji, kununua ng'ombe wa bei ya chini, wembamba, na kuwapandisha kwa dume zuri la jirani. Wa kwanza nilimpeleka Nyeri kwa miguu. Mlezi alitoka mwenyewe, akapapasa mgongo wake, akasema nimemtunza vizuri, akaagiza niletewe chai. Alifanya hivyo kwa kila mtamba niliyempeleka, mpaka yeye mwenyewe akafa. Nilikwenda mazishi yake nikalia, na sikulia kwa adabu tu. Ng'ombe mwekundu alitufaa kweli.

Wanawe ndio wenye boti sasa. Wa kwanza wao ni mtu mtulivu kama baba yake. Nilipompelekea mtamba wa tano nilimweleza kuhusu josho. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama, wewe bado una ng'ombe wetu," akasema. "Maliza haya ya mzee kwanza. Ukimaliza, njoo tukae, uniambie ya boti, nitakusikiliza kama mtu tusiyedaiana naye."

Nimeyashika maneno hayo. Mtamba wa sita alikuwa tayari mwaka juzi. Nilikuwa nimepanga siku ya kumpeleka. Lakini josho letu lilikuwa limekosa dawa kwa muda, maji yakageuka tope na nyasi zikaota kwenye ngazi, na kupe wakaingia mazizini. Mtamba akashikwa na ndigana, homa ya kupe. Alikaa siku chache, akafa akiwa amenilalia mapajani. Ngozi nimeihifadhi, ingawa safari hii hakuna aliyeiuliza. Nikaanza upya.

Jana kitinda mimba alikuja. Ni mwalimu sasa, ana watoto wake wawili katika shule anayofundisha. Hakuketi. Alisema shule yao imepanga safari ya pwani mwisho wa muhula, na boti imeshalipiwa. Alisimama kwenye mkutano wa walimu akapinga, mwalimu mkuu akamuuliza kama hiyo si ile hadithi ya familia yao na ng'ombe, na watu wakatabasamu. Watoto wake hawatakwenda. Wa wenzake watakwenda.

Tulitoka pamoja hadi zizini. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima na nusu ya shamba. Mtamba wa kumaliza deni alikuwa pale, mwekundu kidogo upande wa shingo, amesukuma kichwa chini ya tumbo la mama yake.

"Bado?" akaniuliza.

"Bado ananyonya," nikasema.